Nyumba ya Wageni Kule Lobo

Mtu akisimama Sekei alfajiri, mgongo wake ameupa Mlima Meru na uso ameuelekeza mjini Arusha, huyaona magari ya watalii yakianza kupita katika barabara kuu kabla ya jua kupanda. Nimeyaona tangu utoto wangu. Zamani yalikuwa machache, nayo yalipakwa milia ya pundamilia. Siku hizi ni mengi, marefu, yenye paa lifunguliwalo, na ndani yake wameketi watu waliovaa nguo za rangi ya vumbi, kana kwamba wanaona haya kulishangaza vumbi lenyewe. Huelekea magharibi, upande wa Makuyuni na Mto wa Mbu, na baada ya siku nne au tano hurejea, yakiwa yamepata rangi ile ile ya nguo za abiria wake. Sisi wa Sekei tunaujua mwanzo na mwisho wa safari hizo. Katikati yake hatukujui. Mgeni alilala wapi, alikula nini, nani alimtandikia kitanda, hizo ni habari tunazozipata kwa vijana wetu wanaofanya kazi huko, nao huzisimulia kama watu waliotoka ng'ambo.

Mimi nimo katika mwaka wa hamsini na tano wa umri wangu, na katika nyumba hizo za wageni za mbugani nimelala mara mbili tu. Mara ya kwanza nilitumwa na kazi, mara ya pili nilijituma. Sitaandika habari za simba. Walioandika habari za simba wametosha. Nataka kuandika habari za mgeni na mwenyeji, maneno mawili ambayo lugha yetu imeyatunza vizuri tangu kale, na ambayo, kwa kadiri nilivyoona, yamebadilishana makao kule porini.

Nyumba hizo si za jana. Shirika la Utalii la Tanzania liliundwa mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na mnamo miaka michache likawa na hoteli zake Lobo na Seronera ndani ya Serengeti, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, juu ya bonde la Ziwa Manyara, Mikumi, na hata kisiwani Mafia. Mwaka 1970 mjadala mkali ulizuka katika gazeti la The Standard la Dar es Salaam. Vijana wa TANU wa Chuo Kikuu waliuliza kama yafaa taifa linalotaka kujenga ujamaa liwatandikie matajiri wa nje vitanda vya porini kwa fedha zake. Wengine wakajibu kwamba fedha za kigeni hazichumwi mtini, na kwamba taifa lenye wanyama na lisilo na viwanda haliwezi kuwadharau wanyama wake. Makala ya mjadala ule yalikusanywa na Issa Shivji, yakachapwa kuwa kitabu mwaka 1973. Niliyasoma nikiwa mtu mzima, nikaona kuwa pande zote mbili zilikuwa na hoja. Lakini mimi nilikuwa na swali langu dogo, nalo sikulipatia jibu humo: waashi walilala wapi?

Sikuuliza kwa udadisi wa vitabuni. Baba yangu alikuwa mmoja wao.

Aliondoka Sekei akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, amejifunza uashi mjini, akapanda lori lililobeba saruji pamoja na vijana wengine wa Arusha na Meru, wakaenda Lobo, kaskazini ya Serengeti, karibu na mpaka wa Kenya. Mimi nilizaliwa mwaka 1970, naye akiwa huko huko. Fedha aliyorudi nayo ilinunua ng'ombe mmoja na mabati, na nyumba niliyokulia ikawa miongoni mwa nyumba za kwanza za bati katika upande wetu wa Sekei. Mvua ilipopiga usiku tukiwa watoto, mama alikuwa akisema, "Lobo inalia." Sisi tulidhani Lobo ni jina la mvua.

Baba mwenyewe hakuwa msemaji wa habari za huko. Alitwambia kwamba nyumba ile ilijengwa ikiyafuata majabali, si majabali yakiifuata nyumba. Kwamba pimbi walikuwa wengi. Kwamba usiku waliwasha moto pande mbili za kambi yao ya mabati. Aliondoka kabla vioo havijatiwa madirishani. Hilo la vioo alilirudia mara nyingi. Alipenda kujua dirisha lile kubwa linaonyesha nini mtu akiwa ndani, maana yeye alilijua likiwa tundu tu, na upepo ukipita.

Sasa niseme habari ya mara ya kwanza, niimalize upesi, kwa kuwa haina sifa kwangu. Ilikuwa mwaka 2009. Ofisi ilinituma kupeleka nyaraka na kushuhudia jambo fulani katika hoteli moja ya mahema ya kifahari mbugani, ambayo jina lake halina haja. Nilifika mchana katika gari la serikali, nimejaa vumbi. Kijana wa mapokezi alinitazama, akalitazama gari nyuma yangu, akaniambia kwa adabu kamili: "Karibu sana, kaka. Madereva wanapumzika kule nyuma, penye ule mti. Wageni wako wako njiani?"

Kijana yule simlaumu. Alisema alichokizoea. Katika mwezi mzima huenda hakumwona mtu mweusi akishuka garini pale kwa nia ya kulala mbele badala ya nyuma. Ninayemlaumu ni mimi. Ningeweza kumjibu kwa lugha ile ile aliyonisemesha, lugha ya mama zetu wote wawili kwa kuwa ndiyo ya taifa, tukacheka, mambo yakaisha. Sikufanya hivyo. Nilijinyoosha, nikamjibu kwa Kiingereza kwamba mgeni ni mimi. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne. Chatosha kuandika barua ya ofisi na kusoma gazeti. Siku ile nilikitoa kama mtu atoaye hati ya kusafiria mpakani. Nacho kilifanya kazi. Palepale nikaletewa kitambaa chenye unyevu cha kufutia uso na glasi ya maji ya matunda, na kijana akaanza kunisemesha Kiingereza, naye cha kwake kilikuwa kizuri kuliko changu. Hivyo ndivyo watu wawili wa mkoa mmoja walivyosindikizana hadi hemani wakizungumza lugha isiyo ya yeyote kati yao, mmoja akieleza jinsi maji ya moto yanavyofunguliwa na mwingine akiitikia kwa kichwa. Mimi mtunga mashairi ya Kiswahili, niliyekwisha kusimama mbele ya watu nikiwahimiza wasiione haya lugha yao!

Usiku ule nililiwa na upweke. Meza yangu iliwashwa mshumaa. Mezani kwa jirani palikuwa na sherehe ya kuzaliwa. Wapishi walitoka na keki huku wakiuimba wimbo wa Jambo Bwana, ambao bendi ya Them Mushrooms ya Kenya iliutoa mwaka 1982, na ambao tangu wakati ule umekuwa kama wimbo wa kazi katika hoteli zetu zote. Sina ugomvi na wimbo ule. Ni mchangamfu, na umewafundisha maelfu ya watu maneno ya Kiswahili ambayo wasingeyapata kwingine. Nilihuzunishwa na jambo jingine. Sisi tunapoamkiana twauliza: hujambo, hamjambo, hawajambo, twamtenganisha mmoja na wengi, aliyepo na asiyekuwapo. Wageni wamepewa neno moja tu, Jambo, ambalo halimwulizi mtu yeyote kitu chochote. Na kinachostahili kuangaliwa ni kwamba wenyeji nao wamejifunza kulitumia wamwonapo mgeni, kama vile mtu mzima anavyomsemesha mtoto kwa kitoto. Tumewapa wageni lugha ya kitoto, kisha tukabaki tukiizungumza wenyewe.

Chakula kilipokwisha nilimwomba askari anisindikize kule nyuma, penye ule mti. Madereva walikuwa wakila ugali na nyama ya kuchoma juu ya meza ndefu ya mbao. Walisimama wakaniamkia, wakasogea, nikapata nafasi benchini. Nilikula mara ya pili.

Katika mila zetu, za mlimani na za pwani pia, mwenyeji huketi na mgeni wake. Hiyo ndiyo alama ya kwanza. Unaweza kumkuta mtu maskini asiye na kitu ila maziwa mgando na ndizi mbili, lakini akiketi nawe akala robo yako, wewe umekaribishwa. Mwenye mali akikuletea sinia la pilau kisha akasimama kando na kukutazama unavyotafuna, wewe umelishwa tu. Wazee waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakumaanisha bakshishi. Walimaanisha kwamba siku ya mgeni kuku huchinjwa, na wenyeji nao wakala nyama. Katika nyumba za mbugani huduma ni bora, tena vijana wetu wanaifanya kwa moyo, nami nimeona wageni wakilia machozi wakiagana nao. Lakini mwenyeji haketi. Anasimama tangu asubuhi hadi usiku. Na kama haketi, basi twajiuliza: mwenyeji ni nani pale?

Wamaasai waliokuwa wakichunga Serengeti walihamishwa mwaka 1959, wakati eneo la Ngorongoro lilipotengwa na hifadhi, na hata jina Serengeti ni la kwao, maana yake nchi iliyotanda. Katika majabali ya Moru bado zaonekana ngao walizochora vijana wao. Mwaka 1961 hapa hapa Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa tamko la kuahidi kuwalinda wanyamapori kwa niaba ya vizazi vijavyo. Na husimuliwa kwamba alipata kusema kuwa yeye binafsi asingependa kuitumia likizo yake akitazama mamba, ila alifahamu kwamba wako watu watakaolipa ili wawatazame. Nalipenda sana simulizi hilo, kwa unyofu wake. Hakujidai kupenda asichokipenda. Lakini tangu siku hizo tumekaa na fikira kwamba mbuga ni mahali pa wengine kutazama na sisi kusimamia. Watoto wetu wa Sekei huijua Serengeti kwa picha zilizo ubavuni mwa magari.

Mwaka 2024 baba alitimiza miaka sabini na saba. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu, na magoti yalimsumbua wakati wa masika. Nikaona kwamba nikingoja nistaafu, nitakwenda peke yangu. Nikaweka fedha kando kwa miezi minane. Hoteli nyingi zina bei ya wakazi, ambayo ni ndogo kuliko ya wageni wa nje, na kiingilio cha raia hifadhini ni kidogo mno ukikilinganisha na cha mgeni. Watu wetu wengi hawalijui hilo, nami sikulijua mpaka nilipouliza. Gari ndilo lililokuwa mzigo. Nikapatana na kijana wa jirani, dereva wa watalii, atuchukue siku ambazo hakuwa na kazi.

Tuliondoka Agosti. Baba alivaa shuka yake nyekundu, na juu yake koti la sufu alilolinunua kwa mnada wa mitumba, na fimbo mkononi. Tulilala Karatu kwa shangazi. Kesho yake tukapanda ukingo wa Ngorongoro ndani ya ukungu mzito, hata kreta hatukuiona. Baba akasema haidhuru, nayo haikutuona sisi. Tukateremka upande wa Oldupai, tukaingia uwanda mkavu, mweupe kwa majani makavu. Nyumbu walikuwa wamekwisha kuhamia kaskazini. Kutoka lango la Naabi hadi Seronera baba hakusema lolote. Baada ya Seronera, nchi ilipoanza kuinuka na vilima vya mawe kutokeza, akajivuta mbele kitini. "Hapa tulikwama siku mbili," akasema. Baada ya muda tena: "Hapa pia."

Lobo huioni mpaka umefika. Hiyo ndiyo akili yake. Majabali makubwa ya mviringo yamesimama juu ya kilima, na nyumba imepenyezwa katikati yake, mbao na mawe na vioo, imepanda na kushuka kama mtu atafutaye njia ya miguu. Ina vyumba 75, lakini ukiwa chini bondeni waweza kudhani hapana kitu. Bwawa la kuogelea limechongwa katika jabali lenyewe. Ilipojengwa, ilitazamiwa kupokea wageni watokao Nairobi kupitia Masai Mara. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwezi Februari 1977, mwaka ule ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, njia yake kuu ikakatika, na mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983 dunia ya watalii ilikuwa imekwisha kuzoea njia nyingine. Shirika lililoijenga halipo tena, na hoteli zake zilipita mikononi mwa watu binafsi wakati wa ubinafsishaji. Majabali hayakubinafsishwa, ingawa sina hakika kama yaliulizwa.

Nilikuwa na hofu moja, msomaji, nami nitaikiri. Niliogopa watuulize kama tumeleta wageni. Nilikuwa nimekwisha kupanga jibu langu, safari hii kwa Kiswahili sanifu.

Kijana aliyetoka kutupokea alikuwa na sinia lenye vitambaa na glasi. Alikuwa Mmaasai, baadaye akatwambia kwao ni upande wa Loliondo. Alimwona baba akiteremka garini kwa shida, fimbo ikitangulia. Akasimama. Akaliweka sinia juu ya jiwe, akaja mbele ya mzee, akainamisha kichwa. Baba akanyosha mkono, akamgusa utosini kwa kiganja, akamwitikia kwa lugha yetu, maana Kiarusha na Kimaasai ni tawi na shina. Ndipo kijana akalirudia sinia lake, akatupa vitambaa. Baba akafuta uso, akaitazama rangi ya kitambaa, akamwomba radhi kwa vumbi.

Tulipewa chumba cha juu. Baba hakukitazama kitanda wala bafu. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akasimama. Bonde lote la Lobo lilikuwa chini yetu, njano kwa nyasi, na migunga imetapakaa, na mbali, kama mchanga uliomwagwa, nyumbu. Alisimama muda mrefu hata nikavua viatu, nikanawa, nikarudi nikamkuta palepale. Mwisho akasema, "Tulidhani wataweka nondo." Mjini kwetu dirisha lisilo na nondo ni mwaliko kwa mwizi. Nikamweleza kwamba huku hakuna wezi, kuna nyati tu. Akacheka, akagonga kioo kwa kucha.

Usiku niliamka nikakuta kitanda chake kitupu, shuka za hoteli zimekunjwa vizuri kama hazikulaliwa. Ilikuwa saa kumi alfajiri. Pale mgeni haruhusiwi kutembea usiku bila askari, maana nyati hupanda kilimani, na chui wapo. Nilitoka mlangoni nikiita kwa sauti ya chini. Askari akaja na tochi yake, akanituliza: mzee alimpungia mkono tangu saa tisa, akaomba kupelekwa panapotoka harufu ya mkate.

Nikamkuta jikoni. Ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na tanuri, kikombe cha chai mkononi, na wapishi watatu wakikanda unga huku wakimsikiliza. Sikuingia. Nilisimama gizani nje ya mlango, kwa kuwa nilimsikia akitaja jina la mama.

"Mke wangu alijifungua nikiwa hapa," alikuwa akisema. "Mtoto wa kwanza. Habari zilikuja na lori la saruji. Dereva alinikuta juu ya jukwaa, akapaza sauti kwamba nimepata dume, wenzangu wakapiga vigelegele kama wanawake. Lori lilikuwa linarudi Arusha kesho yake, na nafasi ilikuwapo. Msimamizi akaniambia, ukitaka nenda. Lakini ukuta wetu ulikuwa umefika kifuani, na mvua zilikuwa karibu, na mimi nikawaza, nikienda nitakuta mtu mwingine ameshika mwiko wangu. Nikabaki. Nilichagua ukuta. Mtoto nilimwona ana miezi mitano, na aliponiona alilia."

Mpishi mmoja akauliza, "Na huyo mtoto yuko wapi sasa, baba?"

"Amelala kule juu," baba akajibu, "katika chumba cha wageni."

Katika maisha yangu yote sikupata kuyasikia maneno hayo. Mama alitwambia kwamba baba alichelewa kwa sababu barabara ziliharibika. Kwa nini aliyaweka miaka hamsini na minne akaja kuwapa watu asiowajua, juu ya ndoo, alfajiri, siwezi kueleza vizuri. Nadhani ni kwa kuwa wao walikuwa kazini. Alikuwa amerudi mahali pake pa kazi, akawakuta wenzake wa zamu, na kwa wenzake wa zamu mtu husema. Mimi, pale juu, nilikuwa nimemfanya mgeni.

Nilikohoa, nikaingia. Wapishi wakaniamkia, mmoja akanipindulia ndoo nyingine. Baba alinitazama, akafahamu kwamba nimesikia, akasema tu, "Kaa, chai bado ya moto." Tukala mkate wa kwanza uliotoka tanurini, wapishi nao wakala, sote tumeketi. Wala hatujalizungumza jambo lile tena hadi leo.

Asubuhi tulitafuta ukuta wake. Tulizunguka nje tukiwa na yule kijana wa Loliondo, baba akipapasa mawe kwa kiganja kimoja kimoja. Penye pembe moja aliinama, akachungulia kiungo cha saruji, akatikisa kichwa: "Hii si kazi yangu." Penye nyingine alikaa kimya zaidi, akapima kwa jicho kama mtu ashikaye timazi, lakini napo hakuthubutu kusema. Mawe yote yalikuwa yamefanana, na miaka imeyapaka rangi moja. Pimbi walikaa juu ya majabali wakiota jua, wanene, hawaogopi mtu. "Tulipokuwa tunapiga nyundo walikimbia wote," akasema. "Kumbe walikuwa wanangoja tumalize."

Bibi mmoja wa Kizungu, mtu mzima kama yeye, alikuja akaniuliza kama anaweza kumpiga picha Mmaasai huyu. Nikamtafsiria baba. Akakubali, kwa sharti kwamba naye amwulize maswali: kwao ni wapi, watoto wangapi, mume yu wapi. Mume alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Walikuwa wamepanga kuja pamoja. Baba akampa pole, kisha akaniagiza nimwambie kwamba yeye si mchungaji, ni mwashi, na nyumba hii ni miongoni mwa kazi zake. Bibi akashusha kamera. Akaitazama nyumba, akamtazama baba, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, na hatimaye picha hakupiga. Sijui kama alisahau.

Njiani kurudi, baada ya Naabi, baba aliniuliza nimelipa kiasi gani. Nikamtajia nusu. Akahesabu kwa mbuzi, akanyamaza, akahesabu tena, akasema ni mbuzi wengi kwa mtu ambaye hakulala. Lakini chai ilikuwa nzuri.

Sekei majirani walikuja kumsalimu kama mtu aliyetoka kuhiji. Wajukuu walitaka simba. Akawapa pimbi, usiku mzima pimbi, namna wanavyokaa, namna wanavyolia, namna walivyongoja. Mama aliketi pembeni akichambua mboga, hakuuliza swali. Wiki mbili zikapita. Jumapili moja, tukiwa tumekwisha kula loshoro, akaniambia bila kunitazama kwamba dirisha lile ambalo baba yako analisema, na yeye angependa kuliona. Kwa kuwa, alisema, alikuwa na haki ya kujua lilikuwa na nini.

Baba alikuwapo. Alitazama kilele cha Meru, ambacho siku ile kilikuwa wazi.

Nimeanza tena kuweka fedha kando. Dereva amesema Juni ni mwezi mzuri, mvua zikiwa zimekatika na barabara hazijawa na vumbi jingi. Mama ameuliza kama jikoni kule wanaruhusu wanawake kuingia. Nimemwambia nitapiga simu niulize.